Nyumba Iliyokaa Eda

Mwanafunzi aliyesimama mbele siku hiyo aliitwa Tumsifu, na alikuwa na ile bidii inayomfanya mwalimu aipende kazi yake na kuiogopa kwa wakati mmoja. Alikuwa ameotesha kijumba cha mfano kwa chokaa hai, kidogo kama boksi la viatu, akakiweka juu ya meza katikati ya karakana ya usanifu. Kwa wiki kadhaa alikuwa ametembeza ndani yake vidude vya chuma vyenye miguu, na kuta zilikuwa zimesogea kuvifuata. Palipopitwa sana palipanuka. Pasipopitwa palijifunga.

"Hiyo ni Kanuni ya Nyayo, kama Profesa alivyotufundisha," Tumsifu alisema. "Nyumba isome miguu ya mwenyewe, isisubiri mchoro wa mtu aliyekaa ofisini."

Profesa Sauda Mntangi alikuwa ameketi safu ya mbele, miwani imemshukia puani, anatabasamu. Kanuni ile ilikuwa yake. Aliitafuta kwa miaka mingi ya utafiti mitaani, akaifundisha darasani, kisha akaijenga kwa mikono ya kampuni yake kule Makorongo, mtaa wa juu walikohamishiwa watu wa Tanga baada ya bahari kuimeza mitaa ya chini. Si wengi wanaopata bahati ya kufundisha wanachokitafiti na kujenga wanachokifundisha. Yeye aliipata, na hakuwa mtu wa kuificha.

"Sasa mimi nimetaka kusogea mbele kidogo," Tumsifu aliendelea. "Profesa ametuonyesha kwamba nyumba ya Bi Mwantumu kule Makorongo ilitambua mwenyewe yuko eda, ikaupunguza mlango taratibu kwa kumstahi. Nikajiuliza, kama nyumba inaweza kukaa eda pamoja na mjane, kwa nini isijue arobaini ya mzazi aliyejifungua? Nimejaribu. Mlango wangu unajifunga vizuri tu. Tatizo ni kwamba siku zikitimia haufunguki. Kwa hiyo naomba kuuliza, Profesa. Wewe uliiambiaje nyumba kwamba eda ina mwisho?"

Karakana nzima ikamgeukia Sauda.

"Swali zuri," alisema, akaipandisha miwani yake. "Hivyo ni vigezo vya ndani vya kampuni. Kwa sasa siruhusiwi kuvieleza."

Tumsifu akaandika maneno hayo kama yalivyo, kwa adabu, kana kwamba ameambiwa kitu. Hapo ndipo Sauda alipoona haya kwa mara ya kwanza siku ile, na siku ilikuwa bado mbichi. Nyuma ya darasa, Shemdoe, mhadhiri msaidizi wake, alikuwa akivitazama viatu vyake.

*

Shemdoe alimfuata ukumbini baada ya kipindi.

"Profesa, mlango wa Bi Mwantumu haujafunguka. Eda ilikwisha juma lililopita. Ameshaoga, ameshavua nguo za eda, amekaa anasubiri."

"Si ukatwe?"

"Zimamoto wamekwenda na misumeno, amewafukuza. Anasema mjane anatoka eda kwa mlango, hatoki kwa tundu kama panya. Na anasema nyumba imejengwa na mwari wake, haiwezi kumdhulumu." Shemdoe alisita. "Anataka wewe uende uiambie kwamba siku zimetimia."

Bi Mwantumu ndiye aliyekuwa somo wa Sauda. Sauda alipovunja ungo, yeye ndiye aliyemweka ndani, akamfunda mambo ya mwili na ya nyumba, ya harusi na ya msiba. Eda pia alimfundisha: kwamba mwanamke akifiwa na mume hukaa ndani miezi minne na siku kumi, hajipambi, hajitii manukato, hatoki ila kwa jambo la lazima. Sauda aliyajua hayo kabla hajajua kushika rula.

Sasa sikiliza ilivyokuwa. Chokaa hai ni chokaa ya kawaida iliyotiwa vijidudu na nyuzi za katani, nayo hukua na kujiziba yenyewe ikipata unyevu. Chini ya sakafu za Makorongo vimetandazwa vihisi vinavyoitambua miguu ya kila mkaaji kwa uzito na mwendo. Miguu ya wageni haihesabiwi, maana Sauda hakutaka wageni wawapangie wenyeji nyumba. Kwa hiyo mume wa Bi Mwantumu alipofariki, na Bi Mwantumu akaacha kuvuka kizingiti, nyumba ilielewa jambo moja tu, kwamba mlango hauna kazi. Majirani waliingia na kutoka na masufuria yao kila siku, lakini wao walikuwa wageni. Mlango ukaanza kusinyaa.

Mahali pengine watu wangepiga kelele. Makorongo walishangilia. Walisema tazameni, hata nyumba inakaa eda, mtoto wa kwetu amesoma lakini hakusahau. Walipita kwa upande, kisha kwa kuinama, kisha wakabaki kupitisha vyakula kwa mikono, na bado walisifu. Bi Mwantumu mwenyewe alimtumia Sauda sauti yake kwa simu: "Ahsante, mwari wangu. Nilidhani mengine yamekupita sikio."

Sauda aliisikiliza sauti ile akiwa uwanja wa ndege. Hakuwa ameenda mazikoni. Alikuwa ametuma rambirambi na kuahidi kwenda. Alijua palepale kwamba nyumba haijui eda wala harusi, inajua nyayo. Akajibu, "Ni wajibu wangu, somo." Jioni yake, mbele ya wasanifu wa nchi nyingi, alikitoa kisa kile kama kazi ya mikono yake, wakasimama kumpigia makofi. Kilemba kile cha ukoka alijivika mwenyewe, na kikamkaa vizuri.

"Profesa?" Shemdoe alisema.

"Nimesikia. Twende kwanza kwa Fidelis."

*

Mhandisi Fidelis Mbelwa, mshirika wake katika kampuni, alikuwa ameshavaa suti. Wajumbe wa miji ya pwani walikuwa wanafika alasiri kutia saini. Wangejengewa Makorongo nyingine saba, kuanzia mpaka wa kaskazini hadi Mtwara.

"Dawa ya kuiua chokaa ipo," Fidelis alisema, Sauda alipomaliza kueleza. "Lakini unaijua dawa yenyewe. Chokaa ya mtaa mzima ni mwili mmoja, imeshikana mizizi chini ya barabara. Ukiiua kwa Bi Mwantumu umeiua kwa wote. Kuta zitabaki zimesimama, ila zitakuwa kuta tu. Zitapasuka, zitavuja, watatafuta mafundi kama watu wa zamani."

"Na bila dawa?"

"Bila dawa kila ukikata inajiziba, tena kwa unene zaidi. Inajua hapo hapapitwi." Akakohoa kidogo. "Sikiliza, Sauda. Mwambie yule mama nyumba bado inaomboleza. Ataamini. Baada ya saini tutamkatia mlango taratibu, akilala."

"Kuna mzee mmoja kule amepooza," Shemdoe alidakia. "Na kuna mzazi yuko kwenye arobaini. Milango yao nayo imeanza kupungua. Nimeipima jana."

Fidelis akamtazama, kisha akamgeukia Sauda kana kwamba kijana hayupo. "Wakija kuuliza kwa nini nyumba haikufundishwa habari za watu wa namna hiyo, jibu ni jepesi. Zile data za utafiti alizisafisha nani? Jina la nani liko pale?"

Jina lilikuwa la Shemdoe. Enzi hizo alikuwa mwanafunzi wa shahada ya pili, na ndiye aliyekuja kwa Sauda na michoro mitatu ya ajabu: nyumba tatu ambazo miguu ya mwanamke haikutoka nje kwa miezi. Aliuliza kama vihisi vimeharibika. Sauda aliitazama ile michoro mara moja tu akajua ni nini. Hakuna mwanamke wa pwani ambaye asingejua. Lakini mstari wa kanuni yake ulikuwa umenyooka vizuri mno, na ile mitatu iliupinda. Alimwambia, "Wachache hao. Wanatuharibia mchoro. Wafute."

Sasa, mbele ya Fidelis, Shemdoe alisimama tu, amekunja mikono nyuma, kama mwanafunzi anayesubiri kupewa maksi.

Sauda akayatafuta maneno ya kumtetea yule kijana. Yaliyomtoka yalikuwa haya: "Tutaliona hilo baadaye." Alijisikia akiyasema, akajua ameshakubali nusu.

"Niende nikamwone somo wangu," alisema. "Shemdoe, beba dawa. Kwa tahadhari tu."

*

Nyumba ya Bi Mwantumu ilikuwa pembeni mwa kiwanja cha mtaa, nyeupe, safi, na baraza yake mbele imefagiliwa. Palipokuwa mlango pamebaki ukuta laini usio na alama, isipokuwa tundu la ukubwa wa bakuli, usawa wa kifua. Majirani walikuwa wamekusanyika. Walipomwona Sauda walimpisha njia kwa furaha, na wanawake wawili watatu wakaanza vigelegele. Angetoa chochote alicho nacho ili wanyamaze.

"Hodi, somo. Shikamoo."

Mkono ukatoka tunduni. Ulikuwa umepakwa hina mpya, nyekundu bado, ya mwanamke aliyemaliza eda na kurudi duniani.

"Marahaba, mwari wangu. Umechelewa, ila umekuja." Sauti ilikuwa ya uchangamfu. "Haya, iambie. Nimevaa, nimejitia na udi, nanukia peke yangu humu kama bibi harusi asiye na bwana. Iambie siku zimetimia, nikae barazani kwangu nipigwe na upepo."

Watu wakacheka. Sauda akaushika ule mkono. Alikuwa ameyapanga njiani maneno ya Fidelis, kwamba nyumba bado inaomboleza, na yalikuwa yamekaa tayari ulimini. Yangepita. Kila aliyesimama pale angeyapokea, na huenda wangeisifu nyumba kwa kuwa na huzuni ndefu kuliko watu.

"Somo," alisema, "haisikii."

"Iambie kwa mashine zako basi, si kwa mdomo."

"Haina la kuambiwa. Haikujua kama uko eda. Haijui eda. Ilikuona hupiti, ikaufunga mlango. Ingemfungia mtu yeyote hivyo. Hata sasa inamfungia mzee wa pale chini na yule mzazi."

Aliyasema kwa sauti ndogo, lakini kiwanja kilikuwa kimetulia na kila mtu alisikia. Vigelegele vilikuwa vimekwisha zamani.

"Uliniambia ni wajibu wako," Bi Mwantumu alisema.

"Nilikudanganya."

"Na wale wazungu na wahindi uliowasimulia? Mjukuu wangu alinionyesha kwenye simu. Walisimama wote."

"Niliwadanganya na wao."

Mkono ukajitoa mkononi mwake, pole pole, ukarudi ndani. Sauda alitamani ardhi ipasuke. Ardhi ya Makorongo ilikuwa na vihisi vyake chini, ikatulia tu.

"Hebu nieleweshe," sauti ilisema kutoka ndani, na uchangamfu ulikuwa umeiacha. "Mlipita huko mitaa ya chini mkihesabu nyayo za watu mwaka mzima. Hamkukuta mwanamke wa eda hata mmoja?"

Shemdoe alikuwa nyuma yake na kopo la dawa. Sauda hakugeuka.

"Tuliwakuta watatu. Kijana wangu aliwaona, akaja kuniuliza. Mimi nilijua ni nini, maana wewe ulinifunza. Nikamwambia awafute. Waliupinda mstari wangu."

"Watatu."

"Watatu, somo."

Nyuma mtu alikohoa, mwingine akamwambia anyamaze.

"Babako alikufa mwaka ule," Bi Mwantumu alisema. "Mamako akakaa eda. Mimi ndiye niliyekuwa nikilala kwake, maana alikuwa akiogopa giza. Mlitandaza vile visahani vyenu hata sakafuni kwake. Ulikuja siku moja, nakumbuka, ukabadilisha betri. Tukakwambia kaa unywe chai. Ukasema una haraka."

Sauda akaegemea ukuta. Miaka yote hiyo alikuwa ameifikiria ile michoro mitatu kama mistari, na siku alizoifikiria kama watu, alifikiria watu wasiojulikana. Haikumpitikia hata mara moja kuuliza ni nyumba za nani. Mama yake alikuwa amelala udongoni miaka mitano sasa. Kabla ya hapo, mwanawe alishamfuta kwa neno moja, kwa kuwa aliharibu mchoro.

Hakuna aliyemzomea. Angezomewa ingemsaidia.

"Somo, niruhusu nikate," Sauda alisema. "Nitatia dawa kwanza. Nyumba itakufa, na za majirani zote. Hazitajiziba tena wala kusogea. Mtapata nyufa kama watu wengine. Lakini mlango utabaki mlango."

"Na kazi yako?"

"Ndiyo hiyo inayokufa."

Ndani kiti kilisogezwa. "Kata," Bi Mwantumu alisema. "Ila ukate mlango. Urefu wa mtu, na kizingiti. Ukinikatia tundu sitoki."

Simu ya Sauda ilikuwa ikitetemeka mfukoni. Fidelis. Akaipokea akasema, "Waambie wajumbe wasitie saini. Waambie aliyefuta ni mimi, si Shemdoe. Jina lake liliwekwa kwa amri yangu." Fidelis alianza kupaza sauti, Sauda akakata simu. Shemdoe alikuwa ameshainama kwenye kona ya ukuta akifungua kopo. Hakumshukuru, wala hakuwa na sababu ya kumshukuru.

*

Dawa huchukua muda kusambaa, na chokaa hai haifi kwa heshima. Msumeno ulioazimwa kwa jirani ulipomaliza kuchonga mlango wa urefu wa mtu, kingo zake zilikuwa zimeshaanza kutoa ule utelezi mweupe, zikinyoosha nyuzi za katani kutafutana. Ingejifunga kabla haijafa, ingebaki imefungwa daima, jiwe tupu ambalo ukilivunja unapata tundu, si mlango.

"Lazima ipitwe mpaka ife," Sauda alisema. Akaingia kizingitini, akaanza kuvuka kwenda na kurudi.

Kingo hazikurudi nyuma.

"Nyayo zako hazihesabiwi, Profesa," Shemdoe alisema. "Wewe ni mgeni."

Aliisema bila kejeli, kama mtu anayesoma kanuni, na kanuni ilikuwa ya Sauda mwenyewe. Basi akasimama katikati ya mlango, akatanua viwiko, akazizuia kingo kwa mwili wake. Chokaa ikamgusa mabegani, baridi, ikaanza kumshika.

Ndani alikuwepo Bi Mwantumu, amesimama kwa kanga mpya na harufu ya udi, mwembamba kuliko alivyomwacha. Walitazamana kwa karibu kwa mara ya kwanza tangu msiba. Sauda akashindwa, akainamisha macho.

"Pita, somo. Chini ya mkono wangu."

Bi Mwantumu akavuka kwa mguu wa kulia, akisema bismillahi yake, akatoka juani. Miguu yake nyumba iliijua. Kingo zilisita kidogo, kana kwamba zimekumbuka, kisha zikaendelea. Majirani walimpokea bila kelele, wakamkalisha barazani. Mmoja alitaka kumwondoa Sauda mlangoni, mwingine akaja na gogo la kuegesha.

"Mwacheni," Bi Mwantumu alisema.

Wakamwacha. Jua lilipanda. Chokaa ilimfika shingoni na kwenye mapaja, ikimbana kwa nguvu ya kitu kinachofanya kile tu kilichofundishwa. Mikono ilikufa ganzi. Watu wa Makorongo walikuja kutazama, wakaenda, wakarudi na watoto. Tumsifu alikuja pia na wenzake wawili, wakasimama kwa mbali, madaftari yao yamefungwa. Sauda aliwaona wote na wote walimwona, na hapakuwa na pa kuuficha uso, maana mikono yake ilikuwa na kazi.

Adhuhuri ilipoadhiniwa, ukuta uliacha kubana. Ulianza kukauka kutoka juu, ukageuka rangi kuwa ya majivu, na vipande vidogo vikamdondokea begani. Kote mtaani kulisikika mlio wa chini, kuta zikitulia moja baada ya nyingine. Shemdoe akaweka sikio lake ukutani, kisha akatikisa kichwa kuashiria kwamba imekwisha.

Bi Mwantumu alikuwa bado barazani. Alimtazama mwanamke yule aliyekwama mlangoni kwake, mweupe wa chokaa kuanzia kichwani hadi miguuni, na kwa muda akawa kama anayetafuta kitu cha kufanya na mikono yake yenye hina. Kisha akamgeukia jirani aliyekaa naye.

"Mpeni maji," alisema, akatazama chini. "Ni mwari wangu huyo. Mimi ndiye niliyemfunda."